Saratani ya Tezi Dume Iliyosambaa: Vipimo, Tiba na Mafundisho ya Kanisa

Katika mitaa ya Mlandege, hatua chache kutoka Darajani, mwanamume mtu mzima anayelalamika maumivu ya kiuno hupewa majibu mepesi: ni mizigo, ni umri, ni baridi. Naye huyapokea, kwa kuwa yanamwepusha kulitaja jambo analoliona la aibu. Sisi mapadre tunaopeleka Komunyo Takatifu majumbani mara nyingi huitwa wakati mgonjwa amekwisha kulala kitandani, miguu haina nguvu, na hapo ndipo jina la ugonjwa linapotajwa kwa mara ya kwanza mbele ya mke na watoto.

Kwa makala hii tunakusudia kuwaeleza waamini mambo matatu: saratani ya tezi dume iliyosambaa ni ugonjwa gani, sayansi imefikia wapi katika kuipima na kuitibu, na Mama Kanisa anafundisha nini juu ya maswali ambayo wanaume hutuuliza faraghani. Makala haichukui nafasi ya daktari. Inataka tu kumsaidia mwamini afike kwa daktari akiwa bado na nguvu, na akiwa na dhamiri iliyotulia.

Ugonjwa wenyewe

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu, kikizunguka mrija wa mkojo. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za uzazi. Kadiri mwanamume anavyozeeka, tezi hii huweza kuvimba bila saratani yoyote, na mkojo ukatoka kwa shida. Kwa hiyo si kila mwenye shida ya mkojo ana saratani. Na kinyume chake, saratani inayoanza mara nyingi haina dalili yoyote.

Ikiachwa, saratani hutoka nje ya tezi na kuenea. Hupenda hasa tezi za limfu na mifupa: uti wa mgongo, nyonga na mbavu. Ndiyo sababu maumivu ya mgongo yasiyokoma, hasa yale yanayozidi usiku, hayapaswi kudharauliwa kwa mwanamume aliyevuka miaka 50. Hatari huwa kubwa zaidi kwa mwenye baba au ndugu aliyewahi kuugua, na watu wenye asili ya Afrika huugua zaidi kuliko wengine. Kwa mwaka 2022, makadirio ya Shirika la Afya Duniani yalionesha wagonjwa wapya takriban milioni 1.5 duniani, na vifo karibu 397,000.

Ugonjwa huu hauchagui cheo. Mwezi Novemba 2014, Rais Jakaya Kikwete alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins nchini Marekani, naye hakuficha: aliwaeleza wananchi kuwa ilikuwa saratani iliyogunduliwa mapema. Mwezi Mei 2025, Joe Biden, Mkatoliki na Rais mstaafu wa Marekani, alitangaza kwamba yake imekwisha kufika kwenye mifupa. Mmoja aligundulika mapema, mwingine ugonjwa ukiwa umesambaa. Wote wawili walisema hadharani. Kusema huko ni huduma kwa wengine.

Kuutambua

Hatua ya kwanza ni kipimo cha damu kiitwacho PSA, kinachopima protini inayotengenezwa na tezi dume. Kipimo kikiwa juu, si lazima iwe saratani. Uvimbe wa kawaida au maambukizi pia hukipandisha. Daktari huongeza uchunguzi wa kidole, na akiwa na shaka huchukua vipande vidogo vya nyama ya tezi ili vitazamwe maabara. Uchunguzi wa kidole huchukua muda mfupi mno, lakini tumewasikia wanaume wakisema afadhali kufa kuliko kuukubali. Tunawaomba walitafakari neno hilo mbele ya watoto wao.

Picha za ugonjwa uliosambaa

Saratani ikithibitika, daktari hutaka kujua imefika wapi. Kwa miaka mingi njia zimekuwa mbili: picha ya CT, inayoonesha viungo vya ndani, na skani ya mifupa, ambayo mgonjwa huchomwa dawa yenye mionzi kidogo inayokusanyika pale mfupa unapoharibika. Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam ina kitengo cha tiba ya nyuklia kinachotoa huduma ya namna hiyo. Picha ya MRI nayo husaidia sana kuitazama tezi yenyewe na uti wa mgongo.

Hatua mpya ni picha ya PET-CT kwa kutumia PSMA. PSMA ni protini inayojaa juu ya seli nyingi za saratani ya tezi dume. Wanasayansi walitengeneza kiini kidogo kinachoinasa protini hiyo, wakakifunga pamoja na elementi yenye mionzi, kama galiamu-68. Dawa ikiingia mwilini, huenda kujishikiza kwenye seli za saratani popote zilipo, na mashine huziona ziking'aa. Utafiti uliofanyika Australia, matokeo yake yakatolewa mwaka 2020, ulionesha kwamba kwa wagonjwa wenye saratani ya hatari kubwa kabla ya tiba, picha hii ilikuwa sahihi kwa asilimia 92, huku CT na skani ya mifupa kwa pamoja zikiwa sahihi kwa asilimia 65.

Ugumu wake ni muda. Galiamu-68 hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya dakika 68. Safari ya boti kutoka bandari ya Malindi hadi Dar es Salaam, ya takriban saa 2, ingetosha kupoteza zaidi ya theluthi mbili za nguvu hiyo. Dawa ya aina hii haiwezi kuagizwa kutoka mbali ikakaa kabatini. Hutengenezwa karibu na mgonjwa. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi ilizindua mashine ya PET-CT na mtambo wake mwaka 2018, na Tanzania nayo imejenga kituo cha namna hiyo Ocean Road. Aliyeelekezwa kufanya kipimo hicho amuulize daktari swali moja: matokeo yake yatabadilisha nini katika tiba yangu? Kama hayatabadilisha kitu, asihuzunike kwa kukikosa.

Tiba: ya zamani na mpya

Saratani ya tezi dume hulishwa na homoni ya kiume iitwayo testosteroni. Mwaka 1941, daktari Charles Huggins wa Chicago alionesha kwamba homoni hiyo ikiondolewa, ugonjwa uliosambaa hunywea na maumivu hupungua. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Hadi leo huo ndio msingi wa tiba, popote duniani. Homoni huondolewa kwa sindano inayorudiwa kila mwezi au kila miezi 3, au kwa upasuaji mmoja mdogo wa kuondoa korodani. Njia zote mbili hufikia lengo lile lile. Sindano huhitaji kupatikana bila kukatika. Upasuaji hufanyika mara moja.

Juu ya msingi huo mengi yameongezwa. Mwaka 2004 ilithibitika kwamba dawa ya kemo iitwayo docetaxel hurefusha maisha. Mwaka 2017 tafiti mbili kubwa zilionesha kwamba vidonge vya abiraterone, vikianza mapema pamoja na tiba ya homoni, hupunguza hatari ya kifo kwa zaidi ya theluthi moja. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaviingiza katika orodha ya dawa muhimu. Kwa wale ambao saratani yao imeacha kuitikia tiba ya homoni, Marekani iliidhinisha mwezi Machi 2022 dawa ya lutetiamu-177, inayotumia njia ile ile ya PSMA, lakini safari hii mionzi haipigi picha bali inaua seli. Katika utafiti wake, nusu ya waliopewa dawa hiyo waliishi zaidi ya miezi 15.3, ikilinganishwa na miezi 11.3 kwa wengine. Ni faida ya kweli, nayo ina kipimo: haiponyi kabisa.

Tiba ya mionzi ya kawaida nayo ina nafasi yake. Mfupa unaouma huweza kutulizwa kwa dozi moja tu. Hapa kuna dharura ambayo kila familia inapaswa kuijua: mgonjwa wa saratani hii akianza kulegea miguu, kufa ganzi, au kushindwa kukojoa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Uti wa mgongo huenda unabanwa, na kuchelewa siku chache kunaweza kumnyima kutembea tena.

Je, Kanisa linaruhusu kuondoa korodani?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote. Wapo wanaokataa upasuaji wakidhani ni dhambi, kwa kuwa Kanisa linakataza kuhasi. Wapo pia wanaoifanya dhambi kuwa kisingizio, hali wanachoogopa ni kupungukiwa uanaume.

Jibu lilikwisha kutolewa. Tarehe 8 Oktoba 1953, Baba Mtakatifu Pio XII, akiwahutubia madaktari wa njia ya mkojo, alilizungumzia jambo hili hili: kuondoa kiungo kizima ili kuzuia saratani iliyo katika kiungo kingine. Alifundisha kwamba ni halali kwa masharti matatu. Kwanza, kiungo hicho au kazi yake iwe inaleta madhara makubwa kwa mwili mzima. Pili, madhara hayo yasiweze kuepukwa au kupunguzwa vya kutosha kwa njia nyingine, na tiba iwe na uhakika wa kufaa. Tatu, faida inayotarajiwa ifidie hasara. Sehemu ipo kwa ajili ya mwili mzima. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2297, nayo inatofautisha wazi kati ya kuukata mwili bila sababu na kufanya hivyo kwa ajili ya tiba.

Mtu akiuliza, «Kama sindano zipo, si hizo ndizo njia nyingine?» tunajibu: njia isiyopatikana kwa uhakika, au isiyoweza kulipiwa na familia, si njia iliyo mkononi mwa mgonjwa huyo. Daktari na mgonjwa wapime pamoja.

Hatufichi gharama yake. Tiba ya homoni, kwa sindano au kwa kisu, huondoa hamu ya tendo la ndoa, huleta joto la ghafla mwilini, uchovu na udhaifu wa mifupa. Kwa hiyo mke ashirikishwe kabla, si baada. Waliofunga ndoa waliahidiana uaminifu katika afya na maradhi, na mume aliyepoteza nguvu hizo hajapoteza ndoa yake wala ubaba wake.

Maumivu, fedha na mwisho wa safari

Wapo waamini wanaodhani kukataa dawa ya maumivu ni kubeba msalaba. Kuungana na Kristo katika mateso ni neema, halazimishwi mtu. Katekisimu, namba 2279, inafundisha kwamba kutumia dawa za kutuliza maumivu kunaweza kupatana na heshima ya binadamu hata kama kuna hatari ya kufupisha siku, mradi kifo hakikusudiwi. Nchini Uganda, Hospice Africa, iliyoanzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993, imeonesha kwa miongo kadhaa kwamba mofini ya kunywa inaweza kumfikia hata maskini nyumbani kwake. Tusiiogope ikiandikwa na daktari.

Kuhusu fedha, namba 2278 inaruhusu kuacha tiba zenye mzigo mzito, za hatari, zisizo za kawaida au zisizolingana na matokeo yanayotarajiwa. Familia haina wajibu wa kuuza nyumba ili kuifuata dawa ya miezi michache ng'ambo. Lakini tuseme pia upande wa pili: kipimo cha PSA, tiba ya msingi ya homoni na dawa ya maumivu, pale vinapopatikana, si vitu vya anasa, na mwamini asiviache kwa uzembe, wala kwa sababu mtu fulani amemwambia kuwa imani haikubaliani na dawa. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anafundisha kuwa tabibu na dawa vyote vimetoka kwa Mungu.

Wajibu wetu parokiani

Mapadre na masista waliotoka Réunion walipofika Unguja mwishoni mwa mwaka 1860, hospitali ilikuwa miongoni mwa kazi zao za kwanza. Kuwahudumia wagonjwa ni urithi wa Kanisa la kisiwa hiki, nasi tunauendeleza kwa mambo madogo. Wanaume wa UWAKA wapange siku ya kwenda kupima pamoja, maana anayeona aibu peke yake huona nafuu akiwa na wenzake. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zimsindikize mgonjwa hadi botini na zimtafutie pa kufikia Dar es Salaam. Mwenye bima, ikiwamo ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, aulize mapema inalipia nini. Majirani zetu Waislamu, tunaokaa nao baraza moja, wana tezi ile ile na hofu ile ile. Habari hizi ziwafikie nao.

Mwisho, padre aitwe mapema. Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa si ya wanaokata roho peke yao. Humpa nguvu mwamini anayeanza tiba, kabla ya upasuaji, na tena ugonjwa unapozidi. Tungependa siku moja kubisha hodi Mlandege tukiitwa na mwanamume anayekaa mwenyewe kitini, jibu la daktari mkononi, tayari kupakwa mafuta kabla ya kupanda boti ya asubuhi.