Mengo: Watu mashuhuri wa kilima cha wafalme wa Buganda

Mengo ni kilima kimoja tu kati ya vilima vingi vya Kampala, katika tarafa ya Rubaga. Hata hivyo, ni vigumu kuandika historia ya Uganda bila kukitaja. Hapa ndipo lilipo Lubiri, kasri la Kabaka wa Buganda, pamoja na Bulange, jengo linalokutana Lukiiko, baraza la ufalme. Barabara iliyonyooka inaunganisha majengo hayo mawili. Wafuatao ni baadhi ya watu ambao majina yao hayatengani na kilima hiki.

Kabaka Mwanga II

Mwanga alirithi kiti cha enzi mwaka 1884, baada ya kifo cha baba yake, Mutesa wa Kwanza, na mwaka uliofuata akaweka makao yake Mengo. Ndiye aliyeamuru kuchimbwa kwa Ziwa la Kabaka, lililo chini ya kilima, akikusudia kuliunganisha na Ziwa Victoria, ambalo Waganda huliita Nnalubaale. Kazi hiyo ya kulazimishwa iliwachosha na kuwaudhi raia, na haikukamilika kamwe. Ziwa lenyewe lipo hadi leo.

Mwaka 1897 Mwanga aliwaasi Waingereza. Alikamatwa mwaka 1899 pamoja na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, na wote wawili wakapelekwa uhamishoni Ushelisheli. Mwanga alifariki huko mwaka 1903. Mabaki yake yalirudishwa mwaka 1910 na kuzikwa Kasubi.

Sir Apolo Kagwa

Kwa zaidi ya miaka 35, hadi 1926, Kagwa alikuwa Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda. Mwanga alipoondolewa, mwanawe mchanga alitawazwa, naye Kagwa akawa mmoja wa walezi watatu wa kiti cha enzi, pamoja na Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kizito Kisingiri. Walezi hao ndio walioongoza upande wa Buganda katika Mkataba wa mwaka 1900, uliotiwa saini Mengo. Mkataba huo uliwagawia machifu ardhi kubwa kuwa mali yao binafsi, na migogoro iliyotokana nao haijaisha.

Kagwa alikuwa pia mwandishi. Alikusanya masimulizi ya wazee na kuyachapisha kwa Luganda, vikiwemo vitabu vya historia ya wafalme na mila za Waganda. Mwaka 1902 alisafiri hadi London kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, akifuatana na katibu wake, Ham Mukasa. Alijiuzulu baada ya kutofautiana na maafisa wa kikoloni, na akafariki Nairobi mwaka 1927.

Albert na Katharine Cook

Daktari Albert Cook aliwasili kutoka Uingereza mwaka 1897 na mwaka huohuo akaanzisha Hospitali ya Mengo, kongwe kuliko zote nchini Uganda. Katharine Timpson, muuguzi aliyefika katika msafara huohuo, alifunga naye ndoa mwaka 1900, na baadaye akawa mhimili wa mafunzo ya wakunga wa Kiganda.

Mwaka 1901 Albert na ndugu yake, Jack, waliwatambua hospitalini hapo wagonjwa wa kwanza wa malale nchini. Cook alizoea kuandika maelezo ya kila mgonjwa, na kumbukumbu hizo zikawa hazina: mwaka 1964 watafiti walizitumia kuchapisha uchunguzi wa saratani uliohusu miaka ya 1897 hadi 1956. Cook alifariki mwaka 1951 na kuzikwa Namirembe, kilima jirani.

Kabaka Daudi Chwa II

Alizaliwa Mengo mwaka 1896 na kuwa Kabaka akiwa na umri wa mwaka mmoja. Kwa wazungumzaji wa Kiswahili, jina lake lina uzito wa pekee. Mwaka 1929, serikali ya kikoloni ilipotaka kukipa Kiswahili nafasi rasmi nchini Uganda, Daudi Chwa alipinga kwa maandishi, akiona kwamba lugha hiyo haikuwa ya watu wake na ingeidhoofisha Luganda. Msimamo wa aina hiyo ulidumu muda mrefu Buganda. Baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi mwezi Julai 2022. Daudi Chwa alifariki mwaka 1939.

Sir Edward Mutesa II

Mwana wa Daudi Chwa alizaliwa mwaka 1924, nyumbani kwa Albert Cook huko Makindye. Mwaka 1953 Gavana Andrew Cohen alimfukuza nchini, naye akarejea Oktoba 1955 akipokewa kwa shangwe. Mwaka 1963 akawa rais wa kwanza wa Uganda, huku akiendelea kuwa Kabaka.

Vyeo hivyo viwili havikupatana. Tarehe 24 Mei 1966, Rais Milton Obote alituma jeshi, likiongozwa na Idi Amin, kulishambulia Lubiri. Mutesa aliruka ukuta na kutoroka hadi London, alikofariki mwaka 1969. Falme zilifutwa mwaka 1967, kasri likageuzwa kambi ya jeshi, na ndani ya uzio wake wageni bado huonyeshwa vyumba vilivyotumika kuwatesa watu enzi za Amin.

Kabaka Ronald Mutebi II

Kabaka wa sasa alizaliwa Hospitali ya Mengo tarehe 13 Aprili 1955, baba yake akiwa bado uhamishoni. Alikuwa na umri wa miaka 15 mwili wa Mutesa uliporudishwa na kuzikwa Kasubi mwaka 1971. Falme ziliporejeshwa, alitawazwa huko Buddo tarehe 31 Julai 1993.

Ufalme umerudi bila mamlaka ya kisiasa, lakini sauti yake haijanyamaza. Radio yake, CBS, iliyopo Bulange, ilifungwa na serikali kuanzia Septemba 2009 kufuatia ghasia za Kampala, na kurudi hewani mwaka mmoja baadaye. Leo, vyombo vya habari vya Uganda vinaposema "Mengo imekataa" au "Mengo imekubali", havizungumzii kilima. Vinamaanisha serikali ya Kabaka.