Fimbo ya akida

Nikitajiwa jeshi la Roma, simuwazi Kaisari. Namuwaza akida, yule tunayemsoma katika Biblia ya Kiswahili. Jina lake la Kilatini, centurio, lina mia ndani yake, lakini enzi za makaisari aliongoza watu wapatao 80. Wanane walilala hema moja na kusaga ngano yao kwa jiwe moja. Kwangu mimi, jeshi lenyewe lilikuwa hapo. Vikosi 6 vya watu 80 vilifanya kohoti, na kohoti 10 lejioni.

Alama ya cheo chake ilikuwa fimbo ya mzabibu. Akida Lucilius aliivunja migongoni mwa askari na kudai nyingine, hata wakambandika jina “Lete Nyingine”. Walipoasi mwaka 14, walimuua.

Ila kila nikitazama picha ya jiwe la ukumbusho la Marcus Caelius, lililoko Bonn, Ujerumani, moyo hunishika. Alikuwa akida wa lejioni ya 18, akafa katika vita vya jemadari Varus mwaka 9, akiwa na miaka 53 na nusu. Fimbo ileile ameikumbatia kifuani. Nduguye, Publius, ndiye aliyemsimamishia jiwe hilo, na maandishi yake yanaruhusu mifupa izikwe humo.