Mtungi wenye cheti ukipasuka, nani analipa?

Hanga, kama vijiji vingi vya Ruvuma, mitungi ya presha haipo viwandani tu. Kuna kompresa ya fundi pancha, mashine ya kuchemshia vifaa vya zahanati, na boila kwenye jiko kubwa la taasisi. Vyote vinabeba hewa au mvuke uliobanwa, na nguvu yake tunaijua: Mei 2024 bomba la mvuke lilipasuka kwenye kiwanda cha sukari cha Mtibwa, mkoani Morogoro, likaua watu 11.

Baada ya ajali ya namna hii swali huwa ni moja: si kulikuwa na cheti? Mwenye mtungi analitoa kama ngao, majeruhi analitoa kumlaumu mkaguzi. Wote wawili wanakipa cheti uzito ambacho hakina.

Mkaguzi anaangalia unene wa chuma, viungio, geji na valvu ya usalama. Mtungi unaweza pia kujazwa maji na kubanwa kupita presha yake ya kazi, mara nyingi mara moja na nusu: wa bar 8 unapandishwa hadi 12. Maji yanatumika kwa sababu hayabanwi kama hewa, hivyo chuma kikiachia kinavuja bila kulipuka. Ukifaulu, umefaulu kwa hali ya siku ile.

Kesho yake kutu inaendelea na kazi. Hewa ya kompresa huacha maji chini ya tangi, na asiyefungua koki kuyamwaga chuma chake kinaliwa kwa ndani, mahali macho hayafiki. Halafu yupo fundi anayechoshwa na valvu inayopuliza kila saa, anaiziba kwa bolti ili upepo ujae haraka. Mwingine anachomelea kiraka. Hapo cheti kinabaki karatasi, maana mtungi uliokaguliwa sio huu tena.

Ndiyo maana hesabu inaanza na anayeutumia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda walio kazini na wengine wanaoweza kudhurika na kazi yake. Kukaguliwa na OSHA hakumwondolei mzigo huo.

Mfano wa kukumbuka ni wa St. Louis, Marekani. Aprili 3, 2017, mtungi wa mvuke wa kiwanda cha maboksi ulipasuka ukaruka angani, ukatua juu ya paa la kampuni nyingine. Walikufa wanne, na watatu kati yao hawakuwa wafanyakazi wa kiwanda hicho. Wachunguzi walikuta chuma kilicholiwa na kutu ambacho matengenezo ya 2012 yalikiacha bila kukiondoa. Mvujo ulishaonekana Ijumaa, mfumo ukawashwa tena Jumatatu asubuhi kabla haujatengenezwa. Aliyeona mvujo akawasha, kwa maoni yangu, hana cheti cha kujifichia.

Sasa tuje kwa aliyeumia. Kama ni mfanyakazi, njia fupi ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Kwa kawaida hapo huhitaji kuthibitisha nani alizembea; inatosha kwamba umeumia ukiwa kazini. Toa taarifa mapema, maana ukomo ni miezi 12. Kibarua asiyekuwa na mkataba wa maandishi asikate tamaa kabla ya kuuliza. Bosi kutojisajili ni kosa la bosi.

Mteja aliyekuja kujaza upepo baiskeli yake hana mlango huo. Yeye lazima aende mahakamani kudai fidia kwa uzembe, ndani ya miaka 3, na athibitishe kwamba mwenye kompresa alikuwa na wajibu wa kumlinda, akaukiuka, naye akaumia kwa sababu hiyo. Ni safari ndefu, na hapa ndipo watu wengi wanapoachia njiani.

Je, mkaguzi anashitakika? Hili ni gumu. Uingereza, ambako mahakama zetu huchungulia mara kwa mara bila kulazimika kufuata, kuna hukumu mbili zinazovutana. Mwaka 1995, kwenye shauri la meli Nicholas H, wenye mzigo uliozama walimkosa kisheria mkaguzi aliyeruhusu meli iendelee na safari. Mwaka 1998 Mahakama ya Rufani ilisema mkaguzi aliyepitisha ndege ndogo alikuwa na wajibu kwa abiria aliyeumia. Tofauti kubwa ni kwamba kule ilipotea mali, huku aliumia mtu. Mlipuko wa mtungi unafanana zaidi na ndege.

Ila OSHA ni wakala wa Serikali. Ukitaka kuishitaki, toa kwanza notisi ya siku 90, mwunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na ufungue shauri Mahakama Kuu. Kwa mtu wa Hanga, ile ya Songea ndiyo ya karibu.

Mtengenezaji au muuzaji anaingia pale mtungi ulipotoka na kasoro: weldi mbovu au chuma chembamba kuliko kilichoandikwa kwenye kibao. Aliyeununua anaweza kumbana muuzaji kwa sheria ya mauzo, kwamba bidhaa haikufaa kwa kazi yake. Asiyeununua anarudi kwenye uzembe.

Madai yote hayo yanategemea chuma chenyewe, na chuma ndicho kinachowahi kupotea. Siku mbili baada ya mlipuko mnunuzi wa vyuma chakavu anapita, vipande vinapimwa kwa kilo, ushahidi umeondoka. Mwajiri aripoti ajali OSHA na pande zote ziviache vipande palipo hadi vichunguzwe. Piga picha kibao chenye namba, geji, valvu kama ilivyokutwa, na ukingo wa chuma ulipochanika: kutu ya zamani huwa na rangi ya kahawia, mpasuko mpya unang'aa.