Mtoto wa Horini

Katika Jubilei hii ya Fedha mtasoma mengi kuhusu nyimbo zetu, safari zetu na viongozi waliotutangulia. Sisi tunaomba ukurasa huu mmoja kwa ajili ya igizo la watoto la mkesha wa Krismasi, kwa kuwa ndilo lililotuletea neema wakati hatukuwa tumejiandaa. Tukisema ukweli, wengi wetu hatukulipenda. Lilikula saa ya mazoezi, na kila mwaka hakukosa malaika mmoja wa kulia.

Desturi yenyewe ni ya zamani. Usiku wa Krismasi wa mwaka 1223, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitayarisha hori huko Greccio, Italia. Tomaso wa Celano, aliyeandika maisha ya Fransisko miaka michache baadaye, anasimulia kwamba waliletwa ng'ombe na punda, yakatandazwa majani makavu, watu wakaja na mienge, na Misa ikaadhimishwa pale pale horini. Fransisko, aliyekuwa shemasi, aliimba Injili. Tena anasema mtu mmoja aliyekuwapo aliona, kama katika maono, mtoto amelala ndani ya hori.

Hori letu lilikuwa sanduku la mbao la kubebea nyanya. Wachungaji walivaa shuka, Maria alijifunga leso, na Mtoto Yesu alikuwa mwanasesere.

Katika mwaka wa saba wa kwaya, mwanasesere hakuonekana. Mwaka huo huo tulikuwa tumemsimamisha dada yetu wa sauti ya kwanza kwa sababu ya ujauzito nje ya ndoa. Katiba ilisema hivyo, nasi tuliinua mikono. Usiku ule aliketi benchi la mwisho, karibu na mlango, na mtoto wa wiki tatu.

Watoto hawakuijua katiba. Wachungaji wawili walikimbia hadi nyuma: "Anti, tunaomba mtoto!"

Alitutazama kwanza. Tulikuwa tumesimama mbele, madaftari mkononi, na hakuna aliyetikisa kichwa kukubali wala kukataa. Basi akainuka, akapita katikati ya kanisa, akamlaza mwanawe juu ya majani, akabaki hapo kando ya Maria, asije mtoto akabiringika.

Ulikuwa ni wakati wa wimbo wetu wa kumbembeleza Mtoto. Sauti ya kwanza ilikuwa dhaifu mwaka ule, na sote tulijua kwa nini. Ubeti wa kwanza tuliusukuma tu. Wa pili, sauti yake ikaingia kutoka pale horini, bila daftari, mahali pake pale pale. Baadhi yetu tulinyamaza, si kwa kuusahau wimbo. Wale wa sauti ya tatu bado wanadai ilikuwa vumbi la majani.

Januari kamati iliketi, na kikao kilikuwa kifupi. Kifungu kile kilifutwa, na watatu kati yetu wakatumwa nyumbani kwake kuomba msamaha. Alitupikia chai, lakini hakurudi mara moja. Ilimchukua hadi Pasaka, nasi hatukuwa na haki ya kumharakisha.

Mtoto yule sasa anaimba sauti ya nne. Jumamosi iliyopita alichelewa mazoezi tena.