Muungwana ni Kitendo

Wazee wetu husema, "Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo." Maana yake twaiona katika habari za John Woolman, mshoni wa nguo wa New Jersey, Marekani. Alizaliwa mwaka 1720, naye alikuwa Mkristo wa jamii ya Marafiki, ambao mwaka 1902 walifika Kaimosi, nchi ya Kenya.

Alipokuwa kijana wa dukani, tajiri wake alimwamuru aandike hati ya kumwuza mwanamke mtumwa. Akaiandika, lakini moyo ukamchoma, akawaambia muuzaji na mnunuzi kwamba utumwa haupatani na dini. Baadaye alipoombwa na mtu mwingine kuandika hati kama hiyo, alikataa.

Tangu hapo imani yake ilionekana katika mambo ya kila siku. Biashara yake ilipokua mno, aliipunguza, mali isije ikamtawala. Safarini, alipolala katika nyumba za wenye watumwa, aliacha fedha wapewe watumwa waliomhudumia. Hakuwatukana wenyeji wake, bali alisema nao kwa upole.

Alifariki kwa ndui mjini York, Uingereza, mwaka 1772. Mwaka 1776 mkutano wa Marafiki huko Philadelphia ulikataza watu wake kumiliki watumwa.

Woolman hakuwa na cheo wala jeshi. Nasi tunayo mizani ya dukani, kalamu, na ujira wa vibarua wetu: hapo ndipo uungwana wa mtu hujulikana.