Safari ya Mbuni Hata Nairobi

Ewe msomaji, ukipita katika vitongoji vya magharibi ya Nairobi, kama Lavington, Loresho na Karen, utaona nyumba nzuri, bustani na barabara za lami. Si rahisi kudhani ya kuwa hapo palikuwa na mashamba ya kahawa. Je, mti ule, yaani mbuni, ulifikaje hapa? Ukitazama ramani utasema haukuwa na safari ndefu, maana asili yake ni misitu ya kusini-magharibi ya Uhabeshi, nchi tunayopakana nayo. Lakini haukuja kwa njia ya mkato. Ulizunguka dunia kwanza.

Iko hadithi ya mchungaji aliyeona wanyama wake wakirukaruka usiku baada ya kula matunda ya mti huo. Hadithi hiyo ni tamu, lakini ilichapishwa Roma mwaka 1671, nasi hatuwezi kuitegemea. Lililo hakika ni kwamba katika karne ya 15 masufi wa Yemeni walikuwa wakinywa kahawa wasisinzie katika ibada za usiku. Mwaka 1511 kinywaji hicho kilipigwa marufuku Makka, lakini marufuku haikudumu. Maneno yetu kahawa na buni tumeyapata kwa Waarabu. Na wenyeji wa Lamu, Mombasa na Unguja walizoea kahawa chungu katika vikombe vidogo zamani kabla Nairobi haijawa mji.

Kwa muda mrefu kahawa iliyouzwa ng'ambo ilitoka Yemeni, kwa bandari ya Mocha. Mali ya namna hiyo haikosi wenye kuitamani. Mwishoni mwa karne ya 17 Waholanzi walipanda mibuni Java. Mwaka 1714 mji wa Amsterdam ulimpa mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa mche mmoja, na mwaka 1715 Wafaransa wakapeleka miche ya Yemeni katika kisiwa cha Bourbon, kiitwacho leo Réunion. Mwaka 1727 mbuni ulifika Brazili. Nani waliulima huko? Ni watumwa waliotekwa Afrika. Hivyo mti wa Afrika na watu wa Afrika walikutana ugenini, wote wawili kwa faida ya wengine.

Sasa turudi kwetu. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliojenga misioni Bagamoyo mwaka 1868, walileta mbegu ya Bourbon. Kutoka pwani mbuni ulipanda bara: mwaka 1893 ulikuwa Bura katika nchi ya Taita, na karibu na mwaka 1900 ulipandwa katika misioni ya St. Austin's, magharibi ya Nairobi. Walowezi wakaufuata. Karen Blixen alilima kahawa chini ya vilima vya Ngong tangu mwaka 1914 hata 1931, aliposhindwa na kuondoka.

Mwafrika alikuwa wapi? Alikuwa shambani, akipalilia na kuchuma, kipande shingoni, apate fedha za kodi. Kupanda mbuni wake mwenyewe hakuruhusiwa. Walowezi walisema ataeneza magonjwa ya mimea, tena buni zitaibwa. Lakini hofu nyingine ilikuwa hii: mwenye kahawa yake hataenda kuchuma ya jirani. Ni katika miaka ya 1930 tu watu wachache wa Meru, Embu na Kisii walipopewa ruhusa. Na baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndipo mlango ulipofunguliwa wazi.

Miaka hiyo hiyo ya 1930, huko Kabete, wataalamu wa Maabara ya Scott walichagua miti bora. Mmoja waliuita SL 28, na uzao wake ungali ukilimwa na wakulima wadogo mpaka leo.

Leo mashamba mengi ya vitongojini yamegeuka viwanja vya nyumba, na kahawa nyingi huchumwa milimani na wenye vishamba vyao. Basi, mwanafunzi, ukikaribishwa kikombe, usiulize tu kilitoka wapi. Uliza pia nani aliruhusiwa kupanda, nani aliamriwa kuchuma, na nani alipokea fedha. Ukiyajibu hayo matatu, utakuwa umeanza kusoma historia.