Kupogoa kwa Cheo

Mkokoni, kijiji cha bara kinachokabili kisiwa cha Kiwayu, chabeba jina la mkoko, na mkoko huo huo ndio utakaotufundisha kufasiri istilahi moja ya kompyuta.

Wenye kuiga kwa hesabu mwendo wa mikondo ya bahari, ambayo wakati wa kaskazi hukutana karibu na pwani yetu, mmoja ukipanda kutoka kusini na mwingine ukishuka kutoka Usomali, na wakati wa kusi ikaelekea yote kaskazini, hupata ramani kwa kila mwezi, nao kabla ya kuionesha hadhira huiondolea weupe wa pembeni. Vijana huita tendo hilo kukropu. Wengine husema kukata picha.

Ama kukata, hakuelezi kinachobaki. Kupogoa ni bora, maana apogoaye mti huuondolea tawi usilolihitaji ili shina lisitawi. Walakini nako peke yake hakutimizi muradi. Programu ya Matplotlib ikiamriwa iondoe weupe wote, huipima kila picha kwa maandishi yake yenyewe, hata ramani ya Januari yenye tarakimu ndefu pembeni ikatoka pana kuliko ya Julai. Zikipokezana ukutani, pwani nzima ya Lamu yaonekana kuruka, na mtazamaji adhani mkondo umehama, ilhali kilichohama ni ukingo wa picha.

Dawa yake ni kuweka mpaka mara moja. Katika programu ya ImageMagick huandikwa 1600x900+120+60, yaani upana, urefu, kisha nukta za kuacha kushoto na juu. Programu huzipitia picha zote 12 kwa hesabu hiyo moja, na kuihifadhi kila moja kwa jina la mwezi wake.

Wakata mikoko wa Lamu walilijua hilo zamani. Fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kila aina ina unene wake, na boriti ya sentimita 11 hadi 14 hivi haichanganywi na pau katika korija moja ya miti 20, kwani mwashi apangaye dari hana wasaa wa kusawazisha mti mmoja mmoja. Kipimo cha namna hiyo wazee walikiita cheo, neno ambalo leo aghalabu twaliachia madaraka tu.

Basi tuseme kupogoa kwa cheo, ili atazamaye ramani ya kaskazi na ya kusi aione bahari ikigeuka, na pwani imetulia mahali pake.